Sahani ya Muzee

Asubuhi ya Noeli sahani ya muzee ilikutwa tupu, na Télesphore akacheka.

Alicheka kweli, meno yote nje, yeye ambaye tangu mwezi wa nane hakuwa amecheka hata kwa bahati mbaya. Aliinua ile sahani ya bati, akaigeuzageuza mbele ya watu waliokuwa bado wanapangusa tongotongo. "Muone! Papa alikuja. Alikula yote, hata mufupa hakuacha!" Kisha akambeba mtoto wake mdogo, Jephté, akazunguka naye katika chumba kile cha mbao, akijigonga magoti kitandani na wala asisikie maumivu.

Watu wa nyumba walitazamana. Perpétue, dada yake mkubwa na mwenye nyumba, alifanya ishara ya msalaba. Charline, mkewe, alimtazama Héritière, binti yao wa miaka tisa, aliyekaa kwenye kona na midomo inang'aa mafuta ya mbuzi.

Mambo yalikuwa hivi, na afadhali yasemwe mapema, maana hadithi za kufichaficha zinachosha. Muzee Sebahire, baba yake Télesphore, alikuwa amekufa. Vita vilipopanda vilima vyao nyuma ya Mushaki, muzee alikataa kukimbia. Alisema magoti yake yatawachelewesha wenye miguu, na tena ng'ombe hawaachwi peke yao. Télesphore alimkalisha kwenye kigoda mlangoni, akamwekea maji na viazi, akamwambia, "Papa, nafikisha batoto ku Sake, mangaribi nitakurudilia." Mangaribi hiyo barabara ilikuwa imefungwa. Baadaye, mwezi wa tisa, mkatekista wa kijijini alifika Majengo, mtaa wa Goma walikokimbilia, akamvuta Perpétue nyuma ya choo, akamwambia kwamba muzee amekufa na majirani waliobaki wamemzika kando ya zizi.

Sasa Perpétue ndiye mkubwa, na kwao habari ya kifo haitoki kinywani mwa mtu yeyote tu. Mkubwa humkalisha mfiwa, akamlisha kwanza, watu wakiwa kando yake, ndipo akamwambia. Mpaka hapo aliyekufa hajafa. Na Perpétue aliahirisha. Kwanza alisema Télesphore halali usiku, tusimwongezee. Halafu akasema maiti haipo, na matanga bila maiti ni matanga gani. Halafu Noeli ikakaribia, na kilio hakipigwi katika sikukuu. "Tutamwambia kisha Bonane," akasema, na kila jambo zito la nyumba hiyo likasukumwa nyuma ya Bonane, nyuma ya Mwaka Mpya.

Wakati wao wanaahirisha, Télesphore alikuwa akitaka sahani. Kwa pesa yake ya kwanza ya kubeba mawe mjini alinunua kigoda, akakiweka mlangoni, akaagiza kila jioni sahani ya baba yake ipakuliwe kabla ya zote, iwekwe juu yake. Mtu asikikalie. Charline alikalia bidoni ya maji, na wageni walipokuja alisimama. Walikubali wote, kwa huruma, kwa sababu waliambiana kwamba mgonjwa habishiwi. Na kwa kuwa hakuna nyumba ya wakimbizi inayotupa chakula, alfajiri Perpétue alimpa Héritière ile sahani, ale haraka, abakize kidogo ionekane ni panya. Lakini Noeli ilikuwa na nyama. Nani angemfundisha mtoto kubakiza nyama?

"Papa iko karibu," Télesphore alisema, akimtua Jephté. "Anaogopa muchana. Lakini kama anakula namna hii, iko na nguvu ya kubebwa. Bonane haitanikuta hapa. Nitaenda kumuchukua."

"Kumuchukua wapi?" Charline aliuliza, ingawa alijua.

"Ku nyumba. Wapi tena?"

Wanaume wawili wa kijiji chao walikuwa wamerudi huko kuchimba viazi. Mmoja aliletwa Sake juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, amefunikwa blanketi mpaka usoni. Wa pili hakuletwa.

Charline aliichukua sahani mkononi mwa mumewe, akaenda kuiosha nje kwenye manyunyu. Baridi ya mwezi ule ilikuwa inashuka kutoka kwenye volkano na kuingia kwenye mifupa ya vidole. Aliisugua muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nitamzuia, aliwaza. Hata kama ni kwa meno, nitamzuia.

Kesho yake alimfunga Jephté mgongoni, akaenda kwenye kituo cha afya. Kwenye dirisha la mapokezi bado palikuwa na karatasi za kumetameta za Noeli, na nyuma yake mama mmoja aliyevaa sweta mbili.

"Mugonjwa iko wapi?"

"Amebaki ku nyumba. Ni bwana yangu. Ni kichwa."

"Kichwa inamuluma?"

"Hapana." Charline alishusha sauti. "Ni mawazo. Halali. Anangojea mutu mwenye hawezi kuja."

"Sema kwa nguvu, mama, sisikie."

Basi akasema kwa nguvu, afanyeje? Foleni nzima ikasikia. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alivuta kikapu chake karibu na miguu, na mwingine akanong'ona, bila kunong'ona sana, "Ah, ni mambo ya wazimu." Charline aliona uso wake unawaka moto katika baridi ile.

"Docta wa mambo ya kichwa iko mu kongé," mama wa mapokezi alisema. "Batu wanafanya sikukuu, hata yeye ni mutu. Murudi juma ya kisha Bonane."

"Kisha Bonane atakuwa ameshakwenda kufa."

"Weye mama! Ugonjwa ya kichwa haiue." Aliyasema hayo kwa upole kabisa, bila ubaya wowote, na ndiyo maana yaliuma zaidi. Kisha akamwandikia vidonge vya maumivu. Charline alilipa karatasi, akalipa vidonge, na pesa ya unga wa siku ile ikaishia pale, kwa dawa ambayo nyumbani ilikuwa imejaa kwenye kopo.

Perpétue alipoona vidonge alitikisa kichwa. "Nilikuambia. Hii haiko ya dawa ya wazungu. Kesho tutaenda ku maombi."

Perpétue ni Mkatoliki wa misa ya kwanza, haikosi hata mvua ikinyesha mawe. Lakini ugonjwa ukipiga hodi, watu hubadilisha dini upesi kuliko shati. Akamwacha Télesphore na kijana mmoja, mtoto wa kaka yao, akamwongoza Charline mpaka kwenye nyumba ndefu ya mabati nyuma ya soko, ambako mama mmoja mnene, mwenye kitambaa cheupe kichwani, aliwapokea akiwa amefumba macho.

"Ni roho ya mutu mufu inamufuata," alisema kabla hawajamaliza kueleza. "Mumulete. Atafunga kula na kunywa, tutamuombea."

"Na akikataa kubaki?" Charline aliuliza.

"Kuko kamba."

Charline aligeuza macho. Kwenye nguzo ya ndani kabisa alikaa kijana mwembamba, mguu wake umefungwa mnyororo wa baiskeli juu ya kitambaa, na kitambaa kimelowa. Kijana alimtazama bila kelele yoyote. "Mama," akamuuliza, "Noeli imefika ao ilipita?"

"Ilipita, mutoto yangu," Charline akajibu. "Juzi tu."

"Aksanti," akasema kijana, akarudisha kichwa kwenye nguzo.

Njiani Perpétue alikuwa anatembea mbele kwa hasira, ndala zake zinapiga mawe meusi pwa, pwa. "Unakataa Mungu sasa?"

"Sikatae Mungu, Yaya," Charline akasema, akimwita kama anavyoitwa dada mkubwa. "Nakataa kamba."

"Basi utafanya nini? Kituo ya sante imekushinda, maombi umeikimbia. Utamuponesha kwa macho?"

Charline alikuwa na njaa, mtoto mgongoni alikuwa amemlowesha, na machozi yalikuwa karibu. Aliyameza. Kulia ni kazi, na yeye kazi alikuwa nayo nyingine.

Walipofika uani walimkuta Télesphore anafunga mianzi. Alikuwa amepata miwili mirefu, mibichi, na gunia la mchele, na alikuwa anashona gunia kwenye mianzi kwa kamba ya nailoni. Kipoyi, cha kumbebea baba yake. Mikono yake ilifanya kazi safi, kama zamani alipokuwa anasuka vikapu vya jibini. Ila kipoyi hubebwa na watu wawili, au wanne kwenye mlima, na yeye alikuwa mmoja.

"Nani atashika nyuma?" Charline alimuuliza.

Télesphore alifikiri. "Nitapata mutu mu njia," akasema, akaendelea kushona.

Siku iliyofuata ndipo watoto wa jirani walipolipua petardi, fataki za sikukuu. Ni desturi ya msimu, kila mtaa unavuma, na aliye mzima hugombeza na kuendelea na shughuli zake. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mlio wa kwanza tu, Télesphore alimnyakua Jephté sakafuni, akajitupa naye chini ya kitanda, akamlalia, akamziba mdomo kwa kiganja ili asilie. Mtoto alianza kurusha miguu. Ilibidi Charline na Perpétue wavute mkono ule kidole kimoja kimoja.

Charline alitoka nje kama nyuki. Kasoki, mama wa wale watoto, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa akiuza maharagwe mbele ya uzio wake, alimwona anakuja akasimama mapema.

"Batoto yako watauwa bwana yangu!" Charline alipiga kelele. "Na wangu! Munachezea vita? Vita ni muchezo?"

Alingojea matusi, maana alikuwa ameyafuata mwenyewe. Kasoki hakutukana. Aliwaita watoto, akawanyang'anya petardi zote, akazitumbukiza kwenye ndoo ya maji waziwazi. Kisha akasogeza gunia la maharagwe.

"Ikala, Mama Héritière."

"Sitaki kuikala."

"Ikala, nakuomba." Akangoja mpaka Charline akae. "Miye pia nililala chini ya kitanda. Walipouwa mudogo yangu kule Beni, nilikuja Goma, nikakaa miezi nikipika na mulango umefungwa na ufunguo. Batu walisema Kasoki amerogwa. Kuko batu kule Lac Vert, mu kambi ya wakimbizi, banasikiliza. Niliendaka kila juma. Hawaulize kabila, hawaombe kitu."

"Wanafunga batu?"

"Hapana. Wanakuuliza tu, na wanangojea ujibu. Mara ya kwanza nilikasirika. Nilisema, nimetembea kilometa zote hizi juu ya kuulizwa?" Kasoki akacheka kidogo. "Lakini nilirudia."

"Batakuwa mu kongé, nao."

"Uende uone. Kuuliza haipasue mudomo."

Charline aliondoka asubuhi, kwa miguu, Jephté mgongoni chini ya kipande cha shitingi, turubai la plastiki. Mvua ilimkuta barabara ya Sake na kutembea naye mpaka Lac Vert. Kambi ilikuwa imejaa mpaka kwenye mawe yasiyoota hata jani. Vibanda vya shitingi vimeshikana, moshi umeinama chini kwa unyevu, na mahali pamoja mtu amechomeka tawi la msipresi, amelipamba kwa vifuniko vya chupa. Aliuliza huku, akatumwa kule, akarudishwa huku. Mwishowe akaonyeshwa kibanda chenye benchi moja na msichana aliyevaa gileti ya buluu juu ya koti, mafua yamemjaa puani.

"Miye ni Deborah. Karibu, mama. Mupe mutoto joto kwanza." Akammiminia chai kutoka kwenye thermos yake mwenyewe, akampa kifuniko anywe.

"Hauko mu kongé?" Charline aliuliza.

"Wenye batoto ndiyo wameenda. Miye nimebaki."

Charline alimweleza yote. Usingizi, petardi, kigoda, sahani, kipoyi. Alieleza haraka kama mtu anayeogopa kufungiwa dirisha. Deborah hakuandika. Alipomaliza, Deborah aliuliza swali moja tu.

"Muzee mwenyewe iko muzima?"

Charline aliangalia chai. "Hapana. Alikufa."

"Bwana yako anajua?"

"Hapana."

"Na nyiye wengine?"

"Wote tunajua. Hata mutoto anajua. Ni yeye anakulaka ile chakula."

Lilikuwa jambo jepesi hivyo, na Charline hakuwahi kulisikia likisemwa kwa sauti. Alisikia aibu ikimpanda shingoni.

"Sikugombeze, mama," Deborah akasema. "Hata kwetu wangefanya vile. Mulifanya kwa upendo. Lakini umuangalie yeye. Kila siku kuko kitu ndani yake kinamuambia papa amekufa. Anatoka asubuhi, anakuta sahani imeliwa. Sasa aamini nini?"

"Na tukimuambia, akijiua?"

Deborah hakukwepa. "Ile woga ni ya kweli, na ni muzuri umeisema. Juu ya ile hamutamuambia na kumuacha peke yake. Mutu abaki naye, muchana na usiku. Kamba, panga, dawa ya panya, vyote vitoke mu nyumba. Na museme neno lenyewe: amekufa. Si amelala, si ametuacha. Kisha siku ya pili ya Bonane mumulete hapa. Docta anapita ile siku, atamuangalia usingizi wake. Na miye niko. Haitapona siku moja, nisikudanganye. Itaomba kurudia, na kurudia."

"Siku ya pili tutakuwa tumechelewa. Bonane asubuhi anaenda." Charline alifunga kitambaa cha mtoto upya, kwa nguvu. "Na dada yake anasema kifo haisemwe mu sikukuu."

"Nani mwenye kuweza kumubadilisha?"

Charline aliifikiria njia yote aliyoijia, na mvua, na njia yote ya kurudi. "Miye," akasema.

Perpétue alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba. Charline alipomwambia, hakuacha kutwanga. Alitwanga kwa nguvu zaidi, majani yakaruka.

"Weye ni nani wa kufungua kilio ya papa yangu? Ulizaliwa na yeye? Weye ni mugeni mu ukoo hii. Unakula ku nyungu yangu, unalala mu nyumba yangu, sasa unataka kuniamuru hata wafu wangu!"

"Ni kweli, Yaya. Miye ni mugeni." Charline alipiga magoti kwenye matope, na miguu yake ilikuwa bado na tope jeusi la barabara ya Sake. "Ndiyo sababu sifungue miye. Nakuomba weye. Botte yake iko ku mulango, kipoyi imeisha. Bonane asubuhi anaenda, na hatarudi. Utakuwa na matanga mbili, na ile ya pili pia haitakuwa na maiti."

Mchi ukabaki hewani. Perpétue aliushusha taratibu, akaushika kwa mikono miwili.

"Hujui kitu," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua, imekuwa ya msichana. "Ile siku alinipigia telefone. Alilia, akasema papa anakataa. Ni miye nilimujibu, akikataa mumuache, mukimbize batoto. Ni miye. Nikimuambia papa amekufa, ataniuliza: nani alisema tumuache?"

Basi ndicho hicho. Miezi yote ile watu walidhani mkubwa anatunza mila, kumbe anajificha nyuma yake. Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walisema, ila hawakusema ni maradhi ya nani.

Charline aliinuka, akamshika mkono uliojaa majani. "Akuulize, Yaya. Utamujibu na miye nikiwa kando. Batoto wangu wawili wanapumua juu ya lile neno yako. Sijawahi kukuambia aksanti. Aksanti."

Perpétue alilia kimya, akijifuta kwa kiwiko ili sombe isimwingie machoni. Kisha akauliza, "Ile panga iko wapi?"

"Nimeipeleka kwa Kasoki. Na kamba ya nguo."

Asubuhi ya Bonane mtaa wote ulikuwa na nguo mpya. Watoto walipita mlangoni na viatu vinavyolia, muziki ulikuwa umeshaanza nyumba tatu mara moja, na Télesphore alikuwa amevaa botte. Kipoyi kiliegemea ukuta. Ndani ya mfuko alikuwa ameweka viazi vya kuchemsha na blanketi la Jephté.

"Télé," Perpétue alimwita. "Ikala. Kula mbele ya kwenda."

"Nitakula mu njia."

"Miye ni mukubwa yako. Ikala."

Alikaa, kwenye bidoni. Perpétue alimpa bugali na dagaa wa sambaza, na alikula haraka, akiangalia mlango. Charline alisimama nyuma yake. Kasoki alikuwa ameingia pia, amekaa pembeni juu ya kitanda. Télesphore alipomeza tonge la mwisho, Perpétue alimpokea sahani, akamshika mikono yote miwili.

"Télesphore. Papa yetu amekufa. Alikufa ku nyumba, mu mwezi ya tisa. Walimuzika kando ya zizi. Nilijua, sikukuambia. Na ni miye nilisema mumuache."

Nje kundi la watoto lilipita likipiga kelele za Bonane. Télesphore aliwatazama wote, mmoja mmoja, kama anayetafuta atakayecheka kwanza.

"Munadanganya," akasema. Alisimama, bidoni ikaanguka. "Munadanganya! Kama papa alikufa mu mwezi ya tisa, nani alikula chakula?"

Charline alifungua kinywa, na kabla neno halijatoka, Héritière alishuka kitandani. Alikuwa amevaa gauni la mtumba la sikukuu, refu kupita miguu yake, akalishika asilikanyage.

"Ni miye, papa."

"Nini?"

"Ni miye nilikuwa nakula. Kila asubuhi. Yaya Perpétue alinipatia." Alilikaza gauni mkononi lakini hakukimbia. "Noeli nilikula na mufupa."

Télesphore alimtazama mtoto wake. Aliiangalia mikono yake, mifupa ya mabega chini ya lile gauni, shingo ile nyembamba, kama mtu aliyerudi safari ndefu na kukuta mtoto amekua yeye hayupo. Charline alisogea hatua moja, tayari kumshika.

"Ulishiba?" Télesphore akauliza.

"Noeli tu," Héritière akasema.

Ndipo akaanguka magoti. Alimvuta mtoto kifuani, na sauti iliyomtoka haikuwa ya maneno. Alilia kwa nguvu kama walivyo watu wanaolia kwao, milimani, bila kuonea aibu jirani, "Papa! Papa yangu! Nilikuambia mangaribi!" Perpétue akamshika mgongo, akaanza kulia naye, na Kasoki akaitikia kilio, ingawa muzee hakuwa wake na lugha haikuwa yake. Charline aliwakumbatia wote aliowafikia. Sasa alilia. Muziki wa nyumba ya kwanza ukazimwa, kisha wa pili.

Wakafungua matanga. Matanga yanahitaji moto uani, na makaa yalikuwa yamekwisha; Télesphore mwenyewe alikwenda ukutani, akachukua kipoyi, akakata nailoni kwa meno. Mianzi ilikuwa bado mibichi. Iliwaka kwa shida, na pingili ya kwanza ilipopasuka kwa mlio mkali, alishtuka mwili mzima. Charline alisikia vidole vyake vinamkaza mkono mpaka maumivu. Pingili ya pili ikapasuka. Alibaki amekaa.

"Kesho tutaenda Lac Vert," Charline akamwambia. "Weye na miye. Kuko mutu anasikiliza, na docta wa usingizi."

"Nitamuambia nini?"

"Utaanza na sahani."

Hakukubali wala hakukataa. Charline hakumhimiza. Kesho asipotaka, atamwambia tena keshokutwa, na siku ile nyingine. Miguu anayo, na njia ya Lac Vert ameshaijua.

Manyunyu yalikuwa yanaanza wakati Papa Kataliko, fundi wa vitanda wa avenyu ya pili, alipoingia uani amevaa kostimu ya Bonane, chupa ya kasiksi, pombe ya ndizi, mkononi, kinywa kimejaa salamu. "Bonane! Bonane, batu ya Mungu! Bonane munono!" Aliuona moto, akaona nyuso, sauti ikamkauka. Alitafuta macho ya Perpétue, kwa kuwa ndiye mkubwa, ndiye wa kueleza.

Lakini aliyeinuka ni Télesphore. Aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakipangusa kwa mkono wa shati, akakiweka karibu na moto.

"Ikala, Papa Kataliko," akasema. "Hii ilikuwa kiti ya papa yangu. Amekufa."

Kataliko alivua kofia. Alikaa polepole, chupa katikati ya miguu. "Pole, muzee. Pole sana. Alikufa lini?"

"Mu mwezi ya tisa," Télesphore akajibu. "Miye nimefiwa leo."